Spika za Baba, Masikio ya Bibi

Nyumba yetu ya Bugarama ina korido moja ndefu, sebule mbele, jiko nyuma, vyumba huku na huku. Ukisimama sebuleni ukamwita mtu aliye jikoni anakusikia bila wewe kupaza sauti. Mimi siiti. Huwa naenda mpaka alipo, nasimama mlangoni, nangoja anione. Mama anasema ipo siku nyumba itawaka moto na mimi nitakuwa nimesimama mahali nangoja mtu ageuke nimwambie.

Kwa bibi mchezo huo haukufaa, maana bibi haoni. Lakini yeye ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumngoja. Nikifika tu mlangoni kwake, kabla hata sijaweka mguu ndani, anasema, "Ingia, ng'wanawane," yaani mwanangu, na mkono wake tayari unapapasa godoro kunionyesha pa kukaa. Nilimuuliza anajuaje kuwa ni mimi. Akasema watu wote nyumbani wanatembea, mimi peke yangu naburuta ndala kama mtu anayeomba radhi kwa sakafu.

Bibi ni mama yake mama. Alikuwa akiishi Samuye na mjomba wangu wa mwisho, halafu mjomba akasikia kuna dhahabu imetoka machimbo ya upande wa Geita, akaenda, akawa harudi ila kwa simu. Bibi alikuwa ameshapoteza jicho moja kwa presha ya macho, na la pili lilikuwa linafuata. Daktari wa Shinyanga alimwambia mama kwamba kuona kulikoondoka kwa ugonjwa ule hakurudi. Mama akaenda Samuye akarudi na bibi, begi moja, na gunia la michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa ambavyo bibi huchemsha kwa karanga na kuamini vinatibu kila kitu isipokuwa macho.

Maneno yalikuwepo. Kwetu mkwe na mkwe hawazoeani. Baba hawezi kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake, hawezi kula akitazamwa naye, wala hawasemezani ana kwa ana. Watu wa Samuye waliguna kusikia bibi atalala chini ya paa la mkwe wake. Baba alitaka amjengee chumba chake uani, matofali akaleta, mama akakataa. Alisema mtu asiyeona akianguka chumba cha uani, nani atamsikia? Basi bibi akapewa chumba kilicho jirani na changu, upande wa jikoni, na nyumba ikajitungia taratibu zake. Baba anakula sebuleni, bibi jikoni. Na baba kila akitaka kupita korido, anakohoa. Hakuwa mgonjwa wa kifua. Alikohoa kama mtu anavyobisha hodi, mara mbili, na bibi akisikia anasimama alipo au anarudi chumbani kwake, mpaka baba apite.

Kama kuna la kusemwa kati yao, nilisema mimi. Fikiria. Katika nyumba yenye mama ambaye akiwa dukani kwake anauza vitenge kwa mdomo mpaka mteja anasahau alikuja kununua nini, aliyechaguliwa kuwa mdomo wa wakwe wawili ni mimi. Mama alisema ndiyo vizuri, siongezi chumvi.

Siku za mwanzo nilimshika bibi mkono kumpeleka chooni na jikoni. Hazikupita siku nyingi akaniachia. Alitembea katikati ya korido, haraka kuliko mimi, bila kugusa ukuta. Nilidhani amehesabu hatua. Sikuuliza.

Baba ni fundi umeme mgodini. Kuna wiki anaingia zamu ya mchana, kuna wiki ya usiku, kisha anapumzika nyumbani siku kadhaa, na siku hizo hawezi kukaa bila kutoboa kitu. Aliwahi kuitwa kurekebisha umeme nyumbani kwa mkubwa mmoja huko Kahama, akakuta muziki unatoka vyumba vyote, wimbo mmoja, ukiondoka sebuleni unaukuta jikoni haujakatika. Alirudi akisimulia kama mtu aliyetoka kuona bahari. Mapumziko yaliyofuata alikuja na boksi.

Nitaeleza alivyofanya kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Kompyuta yake ya zamani, ambayo kioo chake kina ufa, aliiweka juu ya kabati la sebuleni ikiwa na nyimbo zote alizowahi kukusanya toka enzi za kujaziwa memori kadi stendi. Pembeni akaweka ruta. Kila chumba akafunga spika juu ukutani, na moja katikati ya korido, zote zimeungwa kwenye ruta kwa waifai. Yeye anashika simu yake, anachagua wimbo, kompyuta inautoa, ruta inausambaza, nyumba nzima inaimba. Majirani waliuliza bando la namna hiyo anaweka la bei gani. Alipenda sana swali hilo. Alijibu kwamba haweki hata la senti, nyimbo hazitoki nje, zinatoka kabatini zinakwenda jikoni, bando la nini. Redio iliyokaa miaka yote kwenye kabati aliitoa akaipeleka stoo, maana kompyuta ilihitaji nafasi.

Halafu akanituma. "Nenda kamuulize bibi yako anapenda nyimbo gani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba boksi lote lile lilikuwa la bibi. Baba hawezi kukaa naye, hawezi kumpa habari za kazini, hawezi hata kumuuliza ameamkaje. Alichoweza ni kupanda ngazi.

Bibi aliomba nyimbo za ngoma za kulimia, zile watu wanaimba wakiwa wamejipanga shambani, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na akaomba nyimbo za kwaya za kanisani. Baba alizitafuta, akazipata, na asubuhi moja ngoma zikaanza kupiga vyumba vyote kwa pamoja mpaka vikombe vikatetemeka. Bibi alicheka. Akasema, "Mwambie mkwe wangu, wabeja sana," yaani asante sana. Baba alikuwa amesimama pale korido, wabeja hiyo kaisikia kwa masikio yake. Hata hivyo alingoja mpaka nikaenda nikamwambia bibi anashukuru, ndipo akatabasamu.

Sasa kilichofuata hakuna aliyekiunganisha na spika. Hata mimi.

Bibi alianza kupungua. Siyo mwili. Alianza kuniita nimpeleke chooni, yeye aliyekuwa ananiacha nyuma. Nilimkuta korido amebandika kiganja ukutani, shavu lake karibu na rangi, kama anayesikiliza jirani wanagombana. Alimwaga chai, aligonga goti kwenye fremu ya mlango wa stoo, mlango ambao hakuwa na sababu ya kuuendea. Baada ya wiki mbili tatu akawa anakaa tu kitandani na rozari yake mpaka apelekewe chakula. Mama alisema amezeeka ghafla, wazee ndivyo wanavyofanya. Aliongea kwa sauti ya chini, na mama hana kawaida hiyo. Baba, akidhani mama mkwe ana huzuni, akaongeza sauti ya muziki.

Kisha ikaja ile siku. Niliandika kwenye shajara yangu halafu nikafuta, sasa naandika tena.

Nilirudi kutoka shule saa za mchana, jua kali, ngoma zinapiga. Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Nilipoingia korido nikaona mlango wa chumba cha wazazi uko wazi, jambo ambalo halitokei. Nikachungulia. Baba amelala kifua wazi na bukta, kwenye joto lile. Na miguuni pake, juu ya kitanda, amekaa bibi. Amekaa kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyefika chumbani kwake, anavua kilemba. Mkono wake ukapapasa godoro, ukakuta mguu wa baba.

Hakupiga kelele. Mkono uliganda pale, halafu ukajirudi polepole. Baba akafungua macho, akamwona, akavuta shuka akajifunika mpaka kichwani, akabaki hivyo hivyo kama mtoto anayeogopa sindano. Nilimshika bibi mkono nikamtoa. Tulipofika chumbani kwake alikaa, akafunga kilemba upya, akakikaza sana.

Mama aliporudi kutoka dukani, bibi alimwambia anataka kurudi Samuye. Akasema karanga zake zimekaribia kung'olewa na hazina msimamizi. Mama akamuuliza atazisimamia vipi haoni. Bibi akasema karanga zinang'olewa kwa mikono. Mama akamkumbusha kwamba mjomba hayupo, nyumba ile haina mtu, nani atamchotea maji, nani atamwashia moto. Bibi alijibu kila swali kwa karanga. Mwisho mama akatoka nje akakaa juu ya yale matofali ya chumba ambacho hakikujengwa, akafuta macho kwa kitenge, akakubali kumsindikiza Jumamosi.

Mimi na baba tulijua sababu. Baba hakunitazama usoni siku ile wala iliyofuata. Nilimwona bibi moyoni mwangu akipapasa ile nyumba ya Samuye peke yake, na kisima kilivyo mbali, na jiko la mafiga matatu, na moto.

Alhamisi hatukwenda shule mchana, walimu walikuwa na kikao. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa jikoni nachambua nsansa, majani makavu ya kunde, mara nikamwona bibi anakuja. Peke yake. Katikati ya korido, mikono ameiachia, anatembea kama zamani. Bomba la uani lilikuwa linadondosha matone kwenye ndoo, tone, tone. Akaja mpaka mlangoni, akageuka kulia bila kugusa kitu, akatoa kikombe kwenye msumari, akachota maji mtungini, akanywa. Nilikuwa nimesimama, nikakaa na majani mkononi.

Akaanza kurudi na kikombe. Alikuwa nusu ya njia umeme uliporudi. Kompyuta ikaamka, na kwa kuwa baba aliipanga hivyo, ngoma zikalipuka vyumba vyote.

Bibi akasimama. Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia. Mkono ukanyanyuka kutafuta ukuta, na maji yakammwagikia kifuani.

Nilikimbia. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kukimbia ndani ya nyumba. Nikamshika, nikamwambia sikioni, "Bibi, ni muziki?"

Alinivuta mpaka chumbani kwake. Kisha akaniambia. Alisema alipokuja, redio ya sebuleni ndiyo iliyomfundisha nyumba. Ikiwa mbele yake, anakwenda sebuleni, ikiwa mgongoni, anakwenda jikoni. Friji inanguruma, hapo ni jikoni. Bomba linadondosha, hapo mlango wa uani uko karibu. Kukiwa kimya upande wa kushoto na redio imefifia, hapo ni chumbani kwake.

"Sasa ngoma ziko mbele," akasema, "ziko nyuma, ziko juu ya kichwa. Nikienda nazikuta, nikirudi nazikuta. Nyumba yote imekuwa chumba kimoja. Na yule bwana anakohoa, najua anakohoa, ila simsikii."

Nikamwambia nitamweleza baba. Akanishika kifundo cha mkono, akakibana.

"Huendi kumwambia. Mtu amekutengenezea kitu kwa mikono yake, utamwambia kimekupoteza? Mimi nitakwenda zangu Samuye, yeye atabaki na furaha yake."

Nimebeba maneno mengi kati ya watu hawa wawili. Ameamkaje, amelala, chai ina sukari, mkwe anauliza kama baridi inaingia dirishani. Hilo lilikuwa la kwanza kuambiwa nisilibebe, na ndilo pekee lililokuwa na uzito.

Kwa hiyo sikusema. Nilikwenda nikachomoa spika ya korido.

Ijumaa asubuhi baba, ambaye kwa aibu yake alikuwa anatafuta kitu chochote cha kurekebisha, aliigundua kabla hajamaliza chai. Akaleta ngazi, akaichomeka. Nilichukua simu yake aliyoiacha mezani nikaizima spika ya chumba cha bibi humo kwenye programu. Akaona, akazima ruta, akaiwasha, spika ikarudi. Nikamzimia ya jikoni. Akapanda juu ya dari kuangalia nyaya ambazo hazipo, maana ni waifai. Aliposhuka ana vumbi la utando kichwani, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba mtandao umeanza kumsumbua na bibi anaondoka kesho hata hajaufaidi.

Tulikuwa sebuleni. Begi la bibi lilikuwa mlangoni, mama ameshalifunga, anatafuta kamba ya kumfungia kuku wa kwenda naye Samuye. Baba alikuwa na bisibisi mkononi anaigeuza ruta kama mtu anayemkagua mgonjwa. Nilisimama mlangoni kama kawaida yangu kungoja ageuke. Hakugeuka.

"Baba," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "mtandao hausumbui. Nazima mimi."

Akageuka hapo. "Wewe? Kwa nini?"

"Bibi anatembea kwa masikio."

Nikamweleza redio, friji, bomba. Niliongea nikitazama vumbi la kichwani kwake. Nikamwambia muziki ukiwa kila mahali bibi hajui alipo. Na nikamwambia lililobaki, maana nilijua nikinyamaza hapo sitaweza kulianza tena. "Na hakusikii ukikohoa."

Baba aliweka bisibisi mezani. "Siku ile," akasema.

"Ndiyo. Siku ile."

"Amekutuma?"

"Hapana. Amenikataza."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Basi hujaniambia kitu," akasema. "Na mimi sijasikia."

Akachukua simu yake, akaniambia nimshikie ngazi.

Sikujua kama mitambo ile inaweza kufanya alichokifanya. Yeye mwenyewe hakuwahi kujaribu, kwa sababu raha yake ilikuwa wimbo mmoja nyumba nzima. Kumbe kila spika inaweza kupewa cha kwake. Spika ya korido aliing'oa kabisa, tundu likabaki ukutani. Sebuleni aliweka matangazo ya redio, siku nzima, sauti ya wastani. Jikoni aliweka ngoma za kulimia, za chini, friji isizidiwe. Ya chumbani kwa bibi aliiwekea kitufe karibu na kitanda, inanyamaza mpaka mwenyewe aitake. Bomba la uani mama alikuwa amemlalamikia miezi mingi alirekebishe. Alilitazama, akaliacha linadondosha.

Ikabaki ya chumbani kwao. Alifikiri sana juu ya hiyo. Kikohozi kinafaa mtu akiwa macho, lakini fundi wa zamu ya usiku analala mchana. Mwishowe akatafuta kwenye kompyuta mechi za mpira za zamani alizozihifadhi, mtangazaji wa redio anahesabu pasi kwa haraka kama anafukuzwa. Akaipanga hivyo: akiwa chumbani, spika ile inatangaza mpira. Akitoka, inazima.

Jumamosi asubuhi bibi alikuwa amevaa, kilemba kimekazwa, amesimama mlangoni kwake. Mama alikuwa nje anaongea na bodaboda wa kuwapeleka stendi. Bibi hakutoka. Alisimama pale kichwa kimeinama kidogo. Nilimwona anageuza sikio upande wa sebule, halafu upande wa jikoni, taratibu. Kisha uso wake ukaelekea mlango wa wazazi.

"Kuna mpira asubuhi hii?" akaniuliza.

"Ni wa zamani. Baba anauweka akiwa ndani."

"Akiwa ndani."

"Ndiyo. Akitoka anazima."

Nilingoja anigombeze. Alijua nimesema. Mtu anayesikia ndala zangu zikiomba radhi atakosaje kujua. Hakuniuliza. Aliachia fremu ya mlango, akatembea katikati ya korido mpaka jikoni, nikasikia kikombe kinatoka kwenye msumari. Mama alipoingia kusema bodaboda anangoja, akamkuta bibi amekaa kwenye kigoda anakunywa maji.

"Na karanga?" mama akauliza.

"Zitang'olewa na walioko huko," bibi akasema. "Huyo bodaboda mpe chai, asikasirike."

Mama alinitazama, akatazama dari, hakuelewa kitu. Tulimweleza baadaye, lile la mguu tukaliruka.

Siku hizi nyumba yetu ina kelele za ajabu. Mgeni akiingia anasikia habari za bei ya pamba mbele na watu wanalima nyuma, na mama analalamika kwamba akitaka kulala na mumewe lazima asikilize goli lile lile kila siku, ameshalijua mpaka jina la baba yake mfungaji. Baba amekataa kubadilisha. Anasema mechi mpya zitamfanya akae macho.

Wiki iliyopita alikuwa amelala mchana, mlango umefungwa, mtangazaji anakimbia na mpira. Bibi akatoka kwake kwenda jikoni, nami nyuma yake. Alipofika usawa wa mlango wa wazazi akapunguza mwendo, jambo ambalo halifanyi kamwe, akasema kwa sauti ya kutosha kupita mbao, "Ng'wanawane, mwambie mkwe wangu goli hili alishafungwa juzi, na jana, na leo amefungwa tena. Kipa wake yuko wapi?"

Ndani, kitanda kililia. Nikasikia baba anacheka kwenye mto. Alikuwa amesikia kila neno, na bibi alijua amesikia, na wote wawili wakanyamaza, wananingoja mimi.

Nikabisha mlango. Nikasema, "Baba, bibi anauliza kipa wako yuko wapi."

"Mwambie," baba akasema, "kipa ni yule yule, tumuombee tu."

Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka nilipo, mabega yanatikisika, amejiziba mdomo kwa ncha ya kilemba, anangoja nimfikishie.